Sura ya Sita: Kile Ambacho Moto Haukukifikia

Ukifika Mutarule ukaambiwa petroli imemwagika karibu na kisima, usiandike "petroli" kwenye daftari kabla ya kuuliza mara ya pili. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma na Ujiji, petroli ndiyo inayotiwa kwenye pikipiki. Huku kwetu Kongo petroli ni mafuta ya taa, ya koroboi. Ya pikipiki tunaiita esansi, ya lori tunayaita mazuti, kama Kifaransa kilivyotuzoeza. Mpimaji aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi anaweza kumaliza wiki nzima akitafuta kitu ambacho hakikumwagika, kwa sababu ya neno moja tu.

Kosa hilo lina gharama, maana mafuta hayo matatu hayana tabia moja. Esansi ni nyepesi. Ikimwagika juani, sehemu kubwa hupaa ndani ya saa chache, na inayobaki huteremka mchangani upesi. Ndani yake mna benzeni, kemikali iliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya damu. Mazuti ni mazito: hayapai haraka, hayaendi mbali, na benzeni yake ni kidogo sana, ila hung'ang'ania udongo miaka na miaka. Petroli yetu ya taa iko katikati. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipimo cha kwanza ni kipi, namwambia ni kuuliza jina, kisha kuomba uonyeshwe bidoni, yaani dumu.

Barabara ya taifa namba 5 hushuka kutoka Kamanyola ikapita Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Runingu na Kiliba hadi Uvira. Mutarule iko jirani na Luberizi, katika tambarare hiyohiyo ya Ruzizi. Mafuta yetu huja kwa barabara, au kwa meli hadi bandari ya Kalundu, kisha hugawanywa kutoka tangi hadi pipa, kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa za vijana wanaouza kando ya njia, wale tunaowaita Kadafi. Kila yanapohamishwa, kiasi fulani huanguka chini. Watu hukumbuka malori yaliyopinduka, na ni haki yao kuyakumbuka, lakini ardhi hupokea pia yale matone ya kila siku, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, chini ya meza ileile ya mbao.

Lori la Sange hakuna asiyelijua. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya mji huo mdogo. Wapo waliokwenda kuteka esansi iliyokuwa ikitiririka, na wapo waliokuwa ndani ya vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia bila kujua kilichotokea nje. Moto ukawafikia wote. Waliokufa walizidi 230, watoto wakiwa miongoni mwao, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu miili haikutambulika. Sachangwan nchini Kenya walikuwa wameyaona hayo mwaka 2009. Msamvu, Morogoro, waliyaona mwaka 2019.

Simulizi za ajali hizi huishia pale moto unapozimika. Sura hii inaanzia hapo.

Moto huhitaji hewa. Unateketeza mvuke na kile kilicho juu ya ardhi, lakini esansi iliyokwisha kuzama kwenye mchanga haina hewa ya kutosha ya kuwaka. Hiyo huendelea na safari yake gizani. Hushuka ikipita kati ya chembe za mchanga, na kila chembe hubaki na utando wake mdogo, kama kikombe kilichomwagwa chai kinavyobaki na unyevu. Ikiwa kilichomwagika ni kidogo, chote huishia kwenye utando huo na hakifiki mbali. Ikiwa ni kingi, huendelea mpaka kikutane na maji ya chini ya ardhi. Hapo husimama, kwa sababu esansi ni nyepesi kuliko maji, ikaelea na kutanda juu yake.

Tambarare ya Ruzizi ni bonde la ufa lililojazwa na vile mito ya milima ya Mitumba ilivyoteremsha, pamoja na matope ya ziwa la zamani lililokuwa pana kuliko la leo. Chimba mita chache utakuta mchanga, kisha changarawe, kisha mfinyanzi, kisha mchanga tena. Mfinyanzi huzuia mafuta, changarawe huyafungulia njia. Nyumba mbili zilizotenganishwa na ua mmoja zinaweza kuwa na hatari mbili tofauti kabisa kwa sababu ya tabaka la mfinyanzi lenye unene wa mkono. Ndiyo maana simwamini mtu anayetoa hukumu juu ya kisima akiwa amesimama barabarani.

Hata hivyo, tabaka linaloelea silo linalonitisha zaidi, maana mtu akivuta ndoo yenye esansi juu yake ataimwaga. Linalonitisha ni lile linaloyeyuka. Benzeni huyeyuka majini kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo katika esansi, ikaachana na wenzake na kusafiri peke yake pamoja na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzeni katika lita moja ya maji ya kunywa. Tufanye hesabu. Chukua esansi yenye benzeni asilimia 1, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya tangu mwaka 2000. Lita moja ya esansi hiyo ina mililita 10 za benzeni, yaani karibu gramu 8.8. Gramu hizo zote zikiyeyuka, zinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo kile. Bidoni moja ya lita 20, ile inayoanguka kwenye pikipiki watu wakasema "bahati, hakuna aliyeumia", inatosha lita milioni 17.

Katika maisha halisi hazifiki zote. Nyingi hupaa kwenye jua letu kali, na nyingine huliwa. Naam, huliwa: udongoni mna bakteria ambao kwao mafuta ni chakula, nao hufanya kazi hiyo bila malipo maadamu wana hewa. Tafiti za California katika miaka ya 1990, zilizotazama mamia ya matangi yaliyovuja, zilikuta kwamba mara nyingi ulimi wa benzeni chini ya ardhi hausogei zaidi ya mita 100 hivi kabla bakteria hawajaumaliza nguvu. Hiyo ni habari njema, na ninaitaja kwa makusudi, maana hofu isiyo na mipaka huchosha watu wakaacha kusikiliza. Lakini mita 100 katika mtaa wa Mutarule au Sange ni nyumba ngapi? Ni visima vingapi?

Wakati wa kipindupindu, ambacho Uvira tunakijua kuliko tunavyotaka kukijua, tulifundishwa mambo mawili: weka klorini, au chemsha. Mafundisho hayo yameokoa maisha, na nitakuwa wa mwisho kumwambia mtu ayaache. Lakini yamejenga imani kwamba maji yakishatiwa dawa yamekwisha kuwa salama dhidi ya kila kitu. Ukiwa kisimani utasikia: "Papa, usiogope, haya tunayatia dawa." Mama anayesema hivyo anasema kweli aliyofundishwa. Klorini huua vijidudu. Benzeni haina uhai wa kuuawa. Chujio la mchanga nalo haliizuii. Kuchemsha huitoa kiasi, maana huchemka kwenye nyuzi 80, lakini inakokwenda ni hewani, ndani ya jiko lenye paa la chini ambamo mama huyo ameketi na mtoto mgongoni. Tumeitoa kwenye sufuria tukaipeleka mapafuni.

Kuna jambo jingine la kuvunja, nalo ni imani juu ya pua. Watu husema maji yakiwa na mafuta yatanuka. Ni kweli nusu. Esansi ina kemikali nyingine, kama ethilibenzeni, ambazo pua huzinasa zikiwa chache mno, hata kabla hazijafika kiwango cha kudhuru. Kwa hiyo maji yakinuka, amini pua yako na usiyanywe. Benzeni yenyewe ni mwizi wa aina nyingine: ulimi wa kawaida hauanzi kuitambua mpaka ifike karibu nusu miligramu kwa lita, yaani mara 50 ya kikomo. Na kwa kuwa husafiri kuliko wenzake wanaonuka, kisima kilicho mbali kidogo na mahali pa ajali kinaweza kupata benzeni bila harufu. Kunuka ni ushahidi. Kutonuka si ushahidi wa lolote.

Wapimaji duniani kote hutumia utaratibu mmoja ulio rahisi kueleza: tafuta chanzo, tafuta njia, tafuta anayefikiwa. Ikikosekana moja kati ya hizo tatu, mafuta yapo lakini hatari haipo. Udongo ulioloa mazuti chini ya sakafu ya saruji, mbali na kisima, unaweza kuachwa mahali pake. Kiasi kidogo zaidi cha esansi, mita 20 kutoka kisima wanachonywea watoto, hakiwezi kuachwa. Wengi hukimbilia kupima chanzo kwa sababu ndicho kinachoonekana. Mimi naona kazi kubwa, hasa kwetu, iko kwenye njia.

Njia iliyo fupi kuliko zote haipiti ardhini kabisa. Ni bidoni. Bidoni ya njano iliyokuja na mafuta ya kupikia hutumika kubebea esansi, ikichakaa kidogo huuzwa, huoshwa kwa majivu au sabuni, ikaanza kubeba maji. Plastiki ile si kama glasi. Esansi huingia ndani ya ukuta wake wenyewe, na sabuni haiifikii; maji yakikaa humo usiku kucha, huirudisha kidogokidogo. Mabomba ya plastiki ya maji yakipita kwenye udongo wenye esansi hupenywa vivyo hivyo, ingawa hayana tundu lolote. Unaweza kukuta familia inayoteka maji safi kwenye kisima safi na bado inakunywa benzeni. Ukipima kisima tu, utaandika ripoti nzuri yenye jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo fuata maji mpaka kwenye kikombe.

Njia nyingine nitazipita haraka. Kuna mvuke, unaopanda kutoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kutosha. Kuna mikono ya watoto wanaocheza chini na kuipeleka mdomoni. Kuna mifereji ya mpunga, ambayo mvua kubwa ikinyesha hubeba utando wa rangi za upinde wa mvua kutoka barabarani hadi shambani. Kuna risasi, iliyokuwa ikitiwa kwenye esansi mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha mwishoni mwa mwaka 2005. Hiyo hakuna bakteria anayeila, na mahali palipokuwa na gereji au kituo cha mafuta cha zamani inaweza kuwa ingalimo udongoni. Na kuna kisima chenyewe kama mtego: mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya shimo. Asishuke mtu kusafisha kisima kinachonuka mafuta, wala asiteremshe taa ya moto kuangalia. Hilo halingojei vipimo.

Sasa, maji ya chini yanaelekea wapi? Swali hili ndilo linaloamua kisima gani kihofiwe, na watu wengi hudhani jibu lake linahitaji mashine kutoka Ulaya. Linahitaji mafiga matatu. Chagua visima vitatu vilivyokaa kama mafiga yanavyokaa, visiwe kwenye mstari mmoja. Katika kila kimoja teremsha kamba yenye jiwe, upime kutoka ukingo hadi usoni pa maji, asubuhi na mapema kabla watu hawajaanza kuteka. Kisha linganisha urefu wa kingo zenyewe. Mafundi waashi wanajua namna: mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, umejazwa maji, ule wanaosawazishia msingi wa nyumba. Maji ya ncha mbili hulingana daima, hivyo unasogea nao hatua kwa hatua kutoka kisima hadi kisima. Ukishajua uso wa maji uko juu wapi na chini wapi, umejua yanakokwenda, maana chini ya ardhi kama juu yake, maji hufuata mteremko. Kwa kawaida katika tambarare yetu yatatoka upande wa milima kuelekea mto Ruzizi, lakini kisima kinachotekwa sana huvuta maji kwake na kupotosha mwelekeo. Ndiyo sababu ya kupima badala ya kukisia.

Ukishajua mwelekeo, sampuli chache zinatosha. Moja upande wa juu wa mteremko kutoka mahali palipomwagika, ili ujue maji yalivyo kabla ya kuchafuka. Mbili au tatu chini yake. Chupa iwe ya glasi, ijazwe mpaka juu kabisa na kufungwa bila kuacha hata povu moja, maana benzeni hukimbilia kwenye hewa yoyote inayoikuta, na maabara itasoma maji masafi yaliyokwisha kuiachilia njiani. Iwekwe kwenye baridi. Isisafirishwe kwenye pikipiki pamoja na bidoni ya esansi ya akiba. Ukifanya hivyo utapima pikipiki.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Nenda Thange, kaunti ya Makueni, Kenya. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja huko, na uvujaji ukagunduliwa Mei 2015. Mafuta yaliingia kwenye mto Thange na visima vifupi vya kandokando yake. Watu waliokuwa wakilima kwa maji ya mto ule walijikuta wakingoja maji ya kuletewa na malori. Waliishitaki kampuni ya bomba, na hukumu ya mahakama ya mazingira na ardhi huko Makueni, iliyoamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi, ilitoka Julai 2025. Miaka 10. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uvujaji alikuwa amefika katikati ya shule ya msingi.

Somo ninalolichukua Thange ni la tarehe. Anayedai fidia huulizwa: maji yalikuwaje kabla? Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 54, inasema uchafuzi unaotokana na shughuli ya kiuchumi lazima ufidiwe, na sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Sheria ipo. Lakini kijiji kisicho na kipimo cha kabla ya ajali huingia mahakamani mikono mitupu. Ningetamani kila kisima kilicho karibu na barabara namba 5 kiwe na kipimo kimoja kilichoandikwa, hata kama leo maji yake ni masafi. Hasa kama leo ni masafi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wapimaji haviligusi, na Mutarule ndiyo iliyonilazimisha kulifikiria. Wengi walio mbali walilisikia jina la kijiji hiki kwa mara ya kwanza kwa sababu ya usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 walipouawa hapo. Mahali pa namna hiyo, kufunga kisima si kuandika alama nyekundu kwenye ramani. Ni kuwaambia wanawake na wasichana waende kisima kingine, kwa njia nyingine, labda alfajiri, labda mbali na nyumba. Au warudi mtoni, kwenye kipindupindu. Benzeni kidogo juu ya kikomo hudhuru kwa kunywewa miaka mingi; kipindupindu huua kwa siku moja, na bunduki kwa dakika. Mpimaji mwaminifu huviweka vyote kwenye mizani moja. Kisima chenye tabaka la esansi hufungwa leo, bila mjadala. Kisima chenye mikrogramu 15 kinaweza kubaki cha kufulia na kuogea uani, penye hewa wazi, wakati cha kunywea kikichimbwa upande wa juu wa mteremko; uamuzi huo ufanywe na wanaoteka, wakiwa wameelezwa namba zote.

Na kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu ya majira. Mvua zikija, kuanzia Oktoba, maji ya chini hupanda na kuifunika ile esansi iliyoganda kwenye mchanga. Iko chini ya maji, imenaswa, kisima kinaonekana kimepona. Kiangazi kikifika, kuanzia Juni, maji hushuka, mchanga hubaki wazi, na esansi huachiliwa tena ikashuka nayo. Kisima kilichokuwa kisafi Aprili kinaweza kunuka Septemba, na wageni waliokuja Aprili wamekwisha kuondoka na ripoti yao. Kwa hiyo rudi mara mbili: mwisho wa kiangazi, na mwisho wa mvua. Usipojua uso wa maji ulisimama wapi miezi uliyokuwa hupo, waulize wanaoteka. Kiangazi kinapokaza, wao ndio wanaoongeza kamba, na kila kipande kilichoongezwa kina fundo lake. Pima kutoka fundo hadi fundo, uliza kila moja lilifungwa mwezi gani, na uandike.